Bomba la Plastiki: Tupimeje Hatari Yake?

Miaka michache iliyopita bodi ya shule moja ya sekondari ya bweni, iliyo mbali na mji, ilikutana kujadili suala la maji. Bomba la chuma lililokuwa likileta maji kutoka chemchemi ya mlimani lilikuwa limekwisha kuliwa na kutu, na kwa miezi kadhaa wanafunzi walikuwa wakichota maji bondeni, katika bwawa walilolitumia pamoja na mifugo. Palikuwa na mfadhili aliyekuwa tayari kutoa mabomba mapya ya plastiki. Lakini mzazi mmoja alisimama kikaoni akasema amesikia kwamba plastiki hiyo iliwaua wafanyakazi wa viwandani huko Marekani kwa saratani ya ini. Akauliza: je, ni haki kuwanywesha watoto wetu maji yanayopita ndani ya kitu kama hicho? Kikao kikaahirishwa bila uamuzi, na mwalimu wa kemia akaniandikia barua kuniomba ushauri.

Nilijibu upesi, pengine kwa haraka isiyomfaa mtu wa sayansi. Nilisema kwamba bomba lililotengenezwa kwa viwango vinavyokubalika halina hatari ya kutisha, na kwamba maji ya bwawa ndiyo ya kuogopwa. Mabomba yakaletwa, maji yakatoka, nami nikaalikwa kuja kuyaona. Nilipofika nilikuta nyuma ya jiko la shule moshi mzito wenye harufu kali unafuka. Wanafunzi wa zamu walikuwa wakichoma takataka, na juu ya takataka hizo vilikuwapo vipande vya mabomba yale yale vilivyobaki baada ya kazi. Kuku wa mwalimu walikuwa wakichakura katika majivu ya juzi. Hapo nilitambua kwamba jibu langu lilikuwa sahihi kwa swali nililoulizwa, lakini halikutosha. Nilikuwa nimepima hatari ya bomba linapotumika, nikasahau kupima hatari ya bomba linapotupwa.

Makala haya yanakusudia kulikamilisha jibu lile. Tutaitazama plastiki moja tu, iitwayo polivinili kloridi, ambayo kwa kifupi huandikwa PVC, na kwa mfano huo tutajifunza jinsi wataalamu wanavyopima hatari za vitu vya viwandani kwa afya ya watu na kwa mazingira.

RESINI NI KITU GANI?

PVC hutoka kiwandani ikiwa unga mweupe unaofanana na unga wa sembe. Unga huo ndio uitwao resini. Viwanda vya mabomba vya Afrika Mashariki havitengenezi resini yenyewe. Huiagiza kutoka nchi za nje, huichanganya na vitu vingine, huiyeyusha kwa joto, kisha huisukuma kupitia tundu lenye umbo la pete hata ikatoka bomba. Resini hiyo hiyo hufanywa ngozi ya nyaya za umeme, mazulia ya plastiki, viatu, fremu za madirisha na mifuko ya kuwekea damu hospitalini. Kwa wingi wa utengenezaji duniani, PVC ni ya tatu miongoni mwa plastiki zote, ikifuata polithini na polipropilini.

Resini hutengenezwa kwa kuunganisha molekuli ndogo nyingi ziwe mnyororo mrefu. Molekuli ndogo inayoanzia huitwa monoma, na mnyororo unaopatikana huitwa polima. Monoma ya PVC ni vinili kloridi, yenye fomula C2H3Cl. Hiyo ni gesi isiyo na rangi, inayochemka katika nyuzi 13 chini ya sifuri za Selsiasi. Mkemia Mfaransa Henri Victor Regnault aliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1835. Mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann alieleza jinsi gesi hiyo, ikiachwa juani ndani ya chupa, inavyogeuka kuwa kitu kigumu cheupe. Hata hivyo kitu hicho hakikuwa na kazi mpaka mwaka 1926, pale Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani alipogundua njia ya kukilainisha.

Mwanafunzi na atie alama jambo moja hapa, maana juu yake hoja yetu yote imejengwa: monoma na polima si kitu kimoja. Monoma ni gesi. Huvutwa pamoja na hewa, huingia katika damu na kufika ini. Polima ni mnyororo mkubwa mno usioweza kupenya katika seli, na tumbo haliwezi kuumeng'enya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka vinili kloridi katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Ama PVC yenyewe, shirika hilo limeiweka katika kundi la tatu, la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kutoa hukumu. Mzazi yule hakusema uongo kikaoni. Alisema kweli ya monoma akaivika polima.

KISA CHA LOUISVILLE

Yafaa sasa tusimulie yaliyotokea Marekani. Katika viwanda vya resini vya miaka ya 1950 na 1960, kazi ya kuunganisha monoma ilifanyika ndani ya mitungi mikubwa ya chuma. Kila baada ya mapishi, utando mgumu wa plastiki uliganda katika kuta za mtungi, na mfanyakazi alishushwa ndani akaukwangue kwa mkono. Gesi iliyobaki mtunguni aliivuta saa kwa saa. Haikumwonya, kwa kuwa pua ya binadamu huanza kuinusa vinili kloridi inapofika sehemu elfu kadhaa katika kila sehemu milioni za hewa. Kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa sehemu 500 kwa milioni, nacho kiliwekwa kwa kuhofia kizunguzungu na mlipuko, wala si saratani.

Dalili ya kwanza ilionekana vidoleni. Katika miaka ya 1960 madaktari wa nchi mbalimbali walieleza kwamba baadhi ya wakwanguaji mitungi walikuwa wakiumwa mikono, na picha za eksirei zikaonyesha kwamba mifupa ya ncha za vidole vyao inayeyuka. Daktari mmoja Mwitalia, Pierluigi Viola, alitaka kuuchunguza ugonjwa huo kwa kutumia panya. Aliwavutisha panya gesi hiyo kwa kiasi kikubwa mno, sehemu 30,000 kwa milioni, saa nne kwa siku, kwa muda wa mwaka mmoja. Alitafuta ugonjwa wa mifupa akakuta uvimbe wa saratani. Matokeo yake aliyatoa hadharani mwaka 1970.

Wengi walisema kwamba kipimo kile kilikuwa kikubwa kupita kiasi na hakikuwa na uhusiano na hali halisi ya kiwandani. Hapo Cesare Maltoni wa Bologna, Italia, akafanya majaribio mapana zaidi kwa vipimo vidogo vidogo. Alikuta kwamba hata kwa sehemu 250 kwa milioni, nusu ya kiwango kilichoruhusiwa viwandani, panya walipata saratani ya nadra sana ya mishipa ya damu ya ini, iitwayo anjiosakoma. Makampuni kadhaa ya kemikali ya Marekani yaliarifiwa habari hizo mwaka 1973 kwa sharti la kutunza siri, na wafanyakazi hawakuambiwa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mwezi Januari 1974 kampuni ya B.F. Goodrich ilitangaza kwamba wafanyakazi watatu wa kiwanda chake cha Louisville, katika jimbo la Kentucky, walikuwa wamefariki kwa anjiosakoma ya ini. Aliyeutambua uhusiano huo ni daktari wa kiwanda hicho, John Creech.

Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: kwa nini vifo vitatu tu vilitosha kuushitua ulimwengu? Jibu lake ni somo zuri la takwimu. Anjiosakoma ya ini ni ugonjwa wa nadra kiasi kwamba daktari aweza kumaliza kazi yake yote bila kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Wagonjwa watatu katika kiwanda kimoja hawawezi kuwa bahati mbaya. Lakini lau vinili kloridi ingesababisha ugonjwa wa kawaida, tuseme saratani ya mapafu, vifo vile vitatu vingepotea ndani ya hesabu kubwa ya vifo vya kila mwaka, na huenda tusingejua hata leo. Kutokuonekana kwa madhara si sawa na kutokuwapo kwa madhara.

Serikali ya Marekani ilichukua hatua upesi. Mwezi Aprili 1974 kiwango cha kazini kilishushwa kwa dharura kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa milioni. Na kuanzia Aprili 1975 kikawa sehemu 1 tu kwa milioni, kwa wastani wa saa nane za kazi. Wenye viwanda walilalamika kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba viwanda vitafungwa. Havikufungwa. Mafundi walibuni njia ya kuosha mitungi kwa maji yenye kani kubwa bila mtu kuingia ndani, na njia ya kuikamua resini kwa mvuke ili monoma iliyobaki itoke na kurudishwa mtunguni. Gesi iliyokuwa ikipotea hewani na kuua watu ikawa sasa inaokolewa na kugeuzwa mali.

HATUA NNE ZA KUPIMA

Kabla hatujaendelea, tutofautishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayaita yote kwa neno moja "hatari". Swila aliyefungiwa ndani ya sanduku la kioo ana sumu ile ile aliyonayo swila aliyejificha kitandani. Sumu ndiyo hatari ya asili. Lakini uwezekano wa kudhurika haulingani kabisa: yule wa kitandani atakuuma, yule wa kiooni hawezi. Kwa hiyo kujua kwamba kitu kina sumu ni mwanzo tu wa kazi. Lazima tujue pia kama sumu hiyo inamfikia mtu, na kwa kiasi gani.

Mwaka 1983 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliipanga kazi hiyo katika hatua nne ambazo hadi leo hufuatwa katika nchi nyingi. Hatua ya kwanza ni kuitambua hatari: je, kitu hiki chaweza kudhuru, na kwa namna gani? Hatua ya pili ni kutafuta uhusiano kati ya kipimo na madhara: kiasi kikiongezeka, madhara huongezeka vipi? Hatua ya tatu ni kukadiria mfikio: ni watu gani wanaofikiwa na kitu hicho, kwa njia ipi, kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Hatua ya nne ni kuyakusanya majibu hayo na kusema uwezekano wa madhara ni mkubwa kiasi gani, pamoja na kukiri mahali ambapo ujuzi wetu una mapengo.

Katika kisa chetu, hatua ya kwanza imekwisha kukamilika kwa upande wa monoma. Tunajua hata namna inavyodhuru. Ini, katika jitihada ya kuitoa gesi hiyo mwilini, huigeuza kuwa kemikali kali zaidi, nayo hushikamana na DNA, yaani ile molekuli inayobeba maagizo ya urithi ya seli. Seli iliyoharibiwa maagizo yake yaweza kuanza kujigawa ovyo baada ya miaka 20 au zaidi. Kwa sababu hii wataalamu huchukulia kwamba hakuna kiasi cha vinili kloridi kisicho na madhara kabisa. Kiasi kikipungua, uwezekano hupungua, lakini hauwi sifuri.

HESABU ZA DARASANI

Na tujaribu hatua ya tatu kwa kalamu. Katika joto la nyuzi 25, moli moja ya gesi hujaza lita 24.45. Moli moja ya vinili kloridi ina gramu 62.5. Sehemu moja kwa milioni maana yake ni sentimita moja ya ujazo ya gesi katika meta moja ya ujazo ya hewa. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba kiasi hicho ni miligramu 2.56. Mtu afanyaye kazi ya kawaida huvuta meta 10 za ujazo za hewa, kwa makadirio, katika saa nane. Basi kwa kiwango cha leo cha sehemu 1 kwa milioni, miligramu 25.6 za gesi hupita mapafuni mwake kwa siku. Kwa kiwango cha zamani cha sehemu 500 zilipita gramu 12.8, na yule aliyeshushwa mtunguni aliweza kupata zaidi ya hapo.

Sasa tumtazame mwanafunzi anywaye maji ya bomba. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba vinili kloridi katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 0.3 kwa lita. Kiwango hicho kimekadiriwa kwamba mtu akiyanywa maji hayo maisha yake yote, uwezekano wa nyongeza wa kupata saratani hauzidi mmoja katika watu 100,000. Mwanafunzi akinywa lita mbili kwa siku atapata mikrogramu 0.6. Linganisha: mfanyakazi wa kiwanda cha leo, anayehesabiwa kuwa amelindwa na sheria, aweza kuvuta kiasi kilicho kikubwa zaidi ya mara 40,000 kuliko hicho.

Je, bomba linaweza kuvuka kiwango hicho? Bomba la zamani liliweza. Kabla ya njia ya kuikamua resini kuenea, monoma nyingi ilibaki imenaswa ndani ya plastiki na kuvujia majini kidogo kidogo. Ndiyo sababu Marekani mabomba yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1977 hutazamwa kwa shaka. Mwaka 1978 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliagiza kwamba plastiki inayogusa chakula isiwe na zaidi ya miligramu 1 ya monoma katika kila kilo. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri kwamba njia bora ya kuyalinda maji ni kuweka sharti la namna hiyo kwa vifaa vyenyewe. Kwa hiyo usalama wa bomba haumo katika jina la plastiki, bali katika uaminifu wa aliyeitengeneza resini na ukali wa anayeikagua.

VITU VILIVYOCHANGANYWA

Resini peke yake haifai kitu. Huungua kabla ya kuyeyuka vizuri, tena ni ngumu. Hapana budi ichanganywe na vitu vingine, na mara nyingi mashaka yamo katika vitu hivyo.

Kuna kwanza vidhibiti, ambavyo huizuia resini isiharibike kwa joto. Kwa miaka mingi kidhibiti kilichopendwa sana kilikuwa misombo ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Viwanda vya Ulaya viliiacha hatua kwa hatua hata kufikia mwaka 2015, vikatumia misombo ya kalisi na zinki. Si kila nchi imefanya hivyo. Basi mnunuzi wa mabomba ya shule asitazame bei tu, bali aulize kama bomba lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango, na kama limetengenezwa mahsusi kwa maji ya kunywa. Bomba la kupitishia nyaya za umeme au maji machafu si bomba la maji ya kunywa, hata kama yanafanana kwa unene.

Kuna pili vilainishi, vinavyoifanya plastiki ilegee. Vinavyojulikana zaidi ni vya jamii ya thaleti. Katika mfuko wa damu, kilainishi chaweza kuwa hadi asilimia 40 ya uzito wote. Hakikufungwa katika mnyororo wa polima. Kimekaa katikati ya minyororo kama mafuta katika unga wa chapati, na hutoka polepole kuingia katika mafuta, damu au mate. Baadhi ya thaleti huvuruga homoni za uzazi katika wanyama wa maabara, hasa wa kiume wakiwa bado tumboni. Kwa sababu hiyo Ulaya tangu 2005 na Marekani tangu 2008 zimeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa baadhi ya thaleti katika vitu vya watoto vya kuchezea. Lakini bomba la maji ni gumu, halitiwi vilainishi. Shaka hii yahusu mwanasesere anayetafunwa na mtoto, haimhusu bomba lililozikwa ardhini.

Hapo ndipo umuhimu wa hatua ya tatu unapoonekana. Plastiki ni moja kwa jina, lakini kila kifaa kina mchanganyiko wake na njia yake ya kumfikia mtu.

MOTO HUBADILI MAMBO

Sasa turudi nyuma ya lile jiko la shule. Mwanafunzi na apige hesabu nyingine. Katika kila gramu 62.5 za PVC mna gramu 35.5 za klorini. Yaani zaidi ya nusu ya uzito wa resini hiyo ni klorini. Ikiunguzwa, klorini hiyo huungana na haidrojeni ikatoka gesi ya haidrojeni kloridi. Kilo moja ya resini safi huweza kutoa gramu 584 za gesi hiyo, sawa na lita 390 hivi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho, pua na mapafu hugeuka kuwa asidi ya haidrokloriki, ile ile tunayoifungia kabatini maabara. Mwanafunzi wa zamu, aliyesimama upande wa upepo akikohoa, alikuwa akiivuta asidi hiyo.

Liko jingine lisiloonekana wala kukohoza. Moto wa takataka ni moto dhaifu, wenye moshi na hewa haba. Katika moshi wake, unapopoa kati ya nyuzi 450 na 200 hivi, klorini huungana na mabaki ya kaboni na kufanya misombo iitwayo dioksini na furani. Iko 210 kwa jumla, na 17 kati yake ni sumu kali. Iliyo kali kuliko zote imewekwa tangu mwaka 1997 katika lile kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Shaba huharakisha kufanyika kwake. Ndiyo maana kuchoma nyaya za umeme ili kupata shaba ya kuuza, kazi inayofanywa na vijana wengi katika miji yetu, ni miongoni mwa njia mbaya kabisa za kujitafutia riziki.

Dioksini haziozi upesi. Hukaa katika majivu na udongo, hupenda mafuta, na hupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe. Kuku anayechakura majivu huzikusanya katika yai lake. Mwenye kula yai huzitunza katika mafuta ya mwili wake, ambamo huchukua miaka 7 au zaidi kupungua hadi nusu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dioksini zinazomfikia binadamu hupitia katika chakula. Kwa sababu ya uzito wa jambo hili mataifa yalikubaliana mjini Stockholm mwaka 2001 kupunguza utokaji wa sumu hizi, na Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia mkataba huo. Tanuri la kisasa huweza kuzivunja, lakini lazima lifike nyuzi 850 angalau kwa sekunde mbili, au 1,100 kwa taka zenye klorini nyingi, na moshi wake uchujwe. Shimo la taka la shule haliwezi kufanya hayo hata kidogo.

Ziko nyakati ambapo hata wakubwa hukosea katika mambo ya moto. Tarehe 3 Februari 2023 treni ya mizigo ilianguka katika mji mdogo wa East Palestine, jimbo la Ohio, Marekani. Mabehewa matano yalikuwa yamebeba vinili kloridi. Siku tatu baadaye, kwa kuhofia kwamba gesi ilikuwa imeanza kujiunga yenyewe na ingelipuka, wasimamizi waliyatoboa mabehewa hayo na kuichoma gesi makusudi. Wingu jeusi likaufunika mji ambao watu wake walikuwa wamehamishwa. Mwaka 2024 bodi ya Marekani ichunguzayo ajali za uchukuzi ilitoa uamuzi kwamba uchomaji ule haukuwa wa lazima, kwa kuwa vipimo vya joto vya mabehewa havikuonyesha kwamba gesi ilikuwa ikijiunga. Kipimo kilikuwapo, hakikutazamwa inavyostahili wakati wa kuamua.

JIBU LILILOKAMILIKA

Ningeandikiwa tena leo na mwalimu yule, ningemjibu hivi. Wekeni mabomba ya plastiki. Mizani ya hatari haina kitanga kimoja: upande wa pili yako maji ya bwawa, yenye kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, magonjwa yanayoua sasa, wala si baada ya miaka 20. Chagueni bomba gumu la maji ya kunywa lenye alama ya ubora. Fundi aungaye mabomba kwa gundi afanye kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu viyeyushi vya gundi hulevya na kuwaka upesi. Bomba jipya lisafishwe kwa maji mengi kabla ya mtu kunywa. Lizikwe ardhini, kwani jua hulifanya likauke na kuvunjika. Vipande vinavyobaki virudishwe kwa muuzaji au kiwandani, ambako PVC safi huweza kusagwa na kutumiwa tena. Kama haiwezekani, vizikwe mahali pasipolimwa, mbali na chanzo cha maji. Visichomwe kamwe. Na kuku wafungiwe mbali na majivu.

Ningeongeza neno moja ambalo mzazi yule alistahili kuambiwa kikaoni. Resini ya mabomba yetu hutengenezwa mbali, na hatari ya monoma hubebwa na wafanyakazi wa huko, ambao usalama wao hutegemea sheria za nchi zao. Kwetu hatari huja mwishoni, pale bomba, waya na kiatu vinapotupwa. Hatuwezi kuisimamia mitungi ya Louisville. Shimo la taka la shule yetu tunaweza kulisimamia.

JARIBIO LA WANAFUNZI

Ili kuitambua PVC bila kuichoma, wanafunzi na wafanye hivi. Wakate vipande vidogo vya plastiki mbalimbali: mfuniko wa chupa ya maji, kipande cha kalamu angavu ya wino, na kipande cha bomba gumu la PVC. Wavitumbukize katika maji safi, wakivisugua ili viputo vya hewa viondoke. Mfuniko utaelea, maana polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, vingine vitazama. Kisha wayeyushe gramu 360 za chumvi katika lita moja ya maji, wapate mchanganyiko wenye densiti ya karibu 1.2. Kalamu, ambayo aghalabu ni ya polistirini yenye densiti ya 1.05, sasa itaelea; bomba, lenye densiti ya karibu 1.4, litazama bado.

Hatimaye wajaribu kipande cha chupa yenyewe ya maji. Nacho kitazama katika maji yote mawili, ingawa si PVC. Wanafunzi waulizwe: basi jaribio letu limethibitisha nini, na halikuthibitisha nini? Darasa litakaloweza kulijibu swali hilo kwa uangalifu litakuwa limejifunza namna ya kupima hatari, na halitashawishika upesi na anayetangaza kwamba kila plastiki ni sumu, wala na anayeapa kwamba hakuna yenye sumu.